Mapitio ya SUK4, kingamwili ya kinesini, kutoka maabara ndogo ya Malindi

Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki anayetafuta kingamwili ya kuitambua kinesini, protini ile inayobeba mizigo ndani ya seli, SUK4 ndiyo ningemshauri aanze nayo, hata kama katalogi za makampuni zimejaa bidhaa mpya zaidi zenye picha za kupendeza zaidi. Nasema hivyo baada ya kuitumia katika maabara yetu hapa Malindi kwa sampuli za aina mbili: ubongo wa ng'ombe kutoka machinjioni, na mayai ya mnyama wa miiba wa mwambani, yule wa duara ambaye kila mtoto wa pwani amewahi kumkanyaga au kuonywa asimkanyage. Mstari inaouonyesha kwenye utando, ile karatasi ya maabara ambayo protini huhamishiwa ili zitambuliwe, ni safi, lakini usafi huo pekee usingenifanya niandike mapitio haya. Kilichonivuta ni kwamba tabia ya kingamwili hii ilichunguzwa na kuandikwa kwa kina tangu ilipotengenezwa, hivi kwamba mnunuzi anajua inashika protini gani, inaishika sehemu gani, na ikishaishika inaifanya nini. Katalogi nyingi hujibu swali la kwanza kwa mkato na mengine mawili huyanyamazia.

Kinesini ilitambuliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, waliokuwa wakifanya kazi Woods Hole, Marekani, kwa kutumia neva nene za ngisi, mnyama ambaye kwetu sisi hupimwa kwa kilo asubuhi sokoni bila mtu kumfikiria zaidi ya mchuzi. Ni protini yenye minyororo miwili mizito na miwili myepesi. Kila mnyororo mzito una kichwa kinachoshika mikrotubuli, yaani mirija myembamba iliyotandazwa ndani ya seli kama njia za usafirishaji, na una mkia unaohusika na kushika mzigo. Kwa kila molekuli ya ATP, yaani mafuta ya seli, inayovunjwa, kinesini hupiga hatua ya nanomita 8, na kinesini ya kawaida huelekea ule upande wa mikrotubuli ambao wanabiolojia huuita upande wa chanya, mara nyingi kutoka katikati ya seli kwenda pembezoni, wakati dainini, protini nyingine ya kubeba mizigo, hurudi upande wa pili. SUK4 huutambua mnyororo mzito, na ndani ya mnyororo huo huitambua sehemu ya kichwa. Jambo hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote nitakayoyaeleza, na nitalirudia baada ya kueleza kingamwili yenyewe imetoka wapi.

Mwaka 1988 Amie Ingold, Stanley Cohn na Jonathan Scholey walichapisha kazi yao kuhusu kingamwili saba za monoklonali, SUK1 hadi SUK7, zilizotengenezwa kwa kutumia panya dhidi ya mnyororo mzito wa kinesini ya mayai ya mnyama wa miiba. Njia waliyoitumia ni ya hibridoma, ile iliyobuniwa na Georges Köhler na César Milstein mwaka 1975 na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984: seli ya panya inayotoa kingamwili huunganishwa na seli ya saratani isiyokoma kuzaana, na matokeo yake ni ukoo wa seli ambao hutoa kingamwili moja ile ile, mwaka nenda mwaka rudi, maadamu seli zinatunzwa. Katika saba hizo, SUK4 ndiyo iliyojidhihirisha kuwa na matumizi mapana. Iliutambua mnyororo mzito wa mnyama wa miiba wenye kilodaltoni 130 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini), ikautambua wa viinitete vya nzi Drosophila wenye kilodaltoni 116, na pia ukiwa katika ubongo wa ng'ombe, ambako una kilodaltoni 120. Kingamwili inayovuka kutoka mnyama wa baharini hadi nzi na hadi ng'ombe inatuambia kwamba imeshika sehemu ya protini ambayo haikubadilika sana katika mamilioni ya miaka, na sehemu ya aina hiyo katika kinesini ni kichwa.

Uchunguzi wao ulikwenda mbali zaidi ya kutazama mistari. Waliikata kinesini kwa kimeng'enya cha kaimotripsini, wakapata kipande cha kilodaltoni 45 ambacho bado kilishika mikrotubuli na kuziachia kwa kutegemea ATP, na SUK4 ikakishika kipande hicho. Kisha wakaitia kingamwili kwenye jaribio la mwendo, ambapo kinesini iliyotandazwa kwenye kioo husukuma mikrotubuli chini ya hadubini, na wakaona kwamba SUK4, pamoja na SUK6 na SUK7, husimamisha mwendo huo kwa kadiri ya kiasi kilichotiwa. Lililonishangaza nilipolisoma kwa mara ya kwanza ni kwamba uvunjaji wa ATP haukusimama. Kinesini iliyoshikwa na SUK4 ni kama mashua iliyonasa fungu la mchanga huku mashine ikiunguruma: mafuta yanaliwa, chombo hakisogei. Ni kingamwili chache sana ambazo mtu anaweza kuzinunua leo akiwa na maelezo ya namna hiyo mkononi, na kwa maoni yangu hayo ndiyo anayoyalipia mnunuzi wa SUK4, kabla ya kulipia majimaji yaliyomo ndani ya kichupa.

Kuhusu kulipia, habari ni njema. Hibridoma ya SUK4 iliwekwa katika benki ya hibridoma ya Chuo Kikuu cha Iowa, ile iitwayo Developmental Studies Hybridoma Bank, iliyoanzishwa mwaka 1986 kwa msaada wa taasisi za afya za serikali ya Marekani ili seli za namna hii zisipotee watafiti wanapostaafu au kufunga maabara zao. Benki hiyo haifanyi biashara ya faida, na bei ya mililita moja ya majimaji ya seli, yaani yale ambamo hibridoma hukuzwa na kumwaga kingamwili yake, ni sehemu ndogo tu ya bei ambayo makampuni makubwa hutoza kwa kichupa chenye mikrolita mia moja. Kwa maabara kama yetu, ambayo bajeti yake ya mwaka mzima ingemalizwa na vichupa vichache vya aina hiyo, tofauti hii ndiyo inayoamua kama jaribio litafanyika au litabaki kwenye daftari.

Hata hivyo mnunuzi wa huku asijidanganye kwamba bei ya kichupa ndiyo bei ya kingamwili. Usafirishaji kutoka Marekani, kibali cha kuingiza bidhaa za kibiolojia, na ada za wakala wa forodha vilituletea hesabu iliyozidi bei ya kingamwili yenyewe mara kadhaa, na kampuni ya usafirishaji tuliyoitumia, ambayo sitaitaja, iliuacha mzigo wetu mahali pasipo na ubaridi hadi vifurushi vya barafu vikageuka maji ya vuguvugu. Kwa bahati kingamwili za aina ya IgG ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, na siku chache nje ya jokofu kwa kawaida haziziharibu. Tulipoijaribu ilifanya kazi. Ushauri wangu ni kuagiza kingamwili kadhaa kwa pamoja, au kuungana na maabara nyingine za pwani, kwa kuwa sanduku moja hubeba vichupa kumi kwa gharama ile ile linayobeba kimoja.

Sampuli za ng'ombe hazikutusumbua. Ubongo unapatikana asubuhi mapema, ukiwa bado na joto, na ni lazima uwekwe kwenye barafu papo hapo, kwa sababu vimeng'enya vinavyokata protini huanza kazi mara mnyama anapokufa. Muuzaji wetu wa nyama ameshazoea, na huniuliza, "Mwalimu, wa leo ni wa supu au wa kusoma?" Akisikia ni wa kusoma huuchukua kwa uangalifu zaidi, jambo ambalo sijui kama wanunuzi wake wengine wangelifurahia. Barafu yenyewe tunaipata kwa wauza samaki, nayo ni bora na ya bei nafuu kuliko ile inayotengenezwa na mashine yetu, ambayo hutoa vipande viwili vitatu kisha inapumzika.

Mnyama wa miiba ni kazi nyingine. Sehemu kubwa ya mwamba wa karibu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, na humo hakiokotwi kitu, hata kombe tupu. Tulichukua wetu nje ya mipaka ya hifadhi, kwa kibali, wakati wa bamvua ambapo maji hupwa mbali na mwamba ukabaki wazi, tukiongozwa na mzee mvuvi aliyetuonyesha mahali walipo wengi. Tulimchagua *Tripneustes gratilla*, mwenye miiba mifupi, kwa sababu mayai yake ni mengi na mkono hauumii sana. Yule mweusi mwenye miiba mirefu tulimwachia mwamba wake. Mayai hupatikana kwa kumdunga mnyama myeyusho wa kloridi ya potasiamu wa nguvu ya nusu mola, naye humwaga mayai au mbegu kwa muda mfupi. Katika msimu wa Kusi bahari huchafuka na kazi hii huahirishwa, kwa hiyo anayepanga majaribio na aipangie kalenda ya upepo pamoja na kalenda ya fedha.

Sasa nije kwenye westani bloti, yaani ile njia ya kutenganisha protini kwa umeme ndani ya jeli kisha kuzihamishia kwenye utando, ambayo ndiyo matumizi ya kwanza ya wanunuzi wengi. Tulitumia jeli ya asilimia saba na nusu, kwa kuwa protini ya kilodaltoni 120 au 130 hutambaa polepole katika jeli nzito na hubanwa karibu na mdomo wa kisima. Kuihamisha kwenda kwenye utando kunahitaji subira hiyo hiyo. Tulipunguza methanoli katika bafa, yaani myeyusho wa kuhamishia, hadi asilimia kumi, tukaongeza kidogo sana sabuni ya maabara iitwayo SDS, na tukauendesha umeme kwa nguvu ndogo kwa muda mrefu ndani ya barafu. Vitabu vingi hushauri kazi hii iachwe ifanyike usiku kucha. Sisi tunaifanya mchana, mtu akiwa karibu, kwa kuwa umeme wa Malindi hukatika usiku bila taarifa, na uhamishaji uliosimama katikati hutoa utando unaoonekana mzuri lakini wenye protini ndogo tu, na matokeo ya namna hiyo humlaumu asiyehusika, yaani kingamwili.

Utando tuliuziba kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia tano, katika bafa yenye sabuni laini iitwayo Tween 20. SUK4 tuliitia kwa kipimo cha sehemu moja kwa hamsini. Majimaji ya seli kutoka benki kama hiyo kwa kawaida huwa na mikrogramu 20 hadi 50 za kingamwili kwa mililita, kwa hiyo kipimo hicho kinatoa takriban nusu mikrogramu hadi mikrogramu moja kwa mililita, na unaweza kuizimua zaidi ikiwa sampuli yako ina kinesini nyingi. Kwa ubongo wa ng'ombe tulipata mstari mmoja mzito kwenye kilodaltoni 120, pale pale ulipoandikwa mwaka 1988, na hapakuwa na kitu cha kusumbua macho juu wala chini yake. Ubongo una kinesini nyingi, na hili linaufanya uwe kipimo kizuri cha kujiridhisha: maabara isiyoona mstari kwenye ubongo wa ng'ombe ina tatizo katika njia zake, na haifai kuendelea na sampuli ngeni mpaka ilitatue.

Kwa mayai ya *Tripneustes* mstari ulitokea karibu na kilodaltoni 130, mwembamba kuliko wa ubongo, lakini ulio wazi. Mayai haya yana protini nyingi mno za kiini cha lishe, na protini hizo zikijaa kwenye jeli huvuta kila kitu na kuuacha utando na kivuli kizito upande wa juu. Tulilazimika kuyapasua mayai, kuyazungusha kwenye sentrifyuji, na kuitupa sehemu nzito kabla ya kupakia jeli. Mwenzangu mmoja alishauri tuongeze kingamwili ili mstari uonekane vyema. Tulipoongeza, kivuli kiliongezeka pamoja na mstari, na tukarudi kwenye kusafisha sampuli. Ningependa pia kueleza kwamba mayai ya wanyama hawa yana kinesini nyingine ya jamii tofauti, yenye vipande vya kilodaltoni 85, 95 na 115, iliyoelezwa na maabara ya Scholey mwaka 1993. Kwenye utando wetu hapakuwa na chochote kwenye 85 wala 95, na hilo lilinipa imani zaidi kuliko uzuri wa mstari wenyewe, kwa maana kingamwili huthibitishwa pia na yale isiyoyashika.

Kuna mstari mwingine ambao mtumiaji anaweza kukutana nao na kuudhania kuwa kasoro. Sampuli yetu moja ya mayai, iliyokaa mezani kuliko ilivyostahili, ilionyesha mstari dhaifu wa ziada karibu na kilodaltoni 45. Kwa kingamwili ambayo historia yake haijulikani, mtu angeandika tu kwamba imeshika kitu kisichohusika na kuendelea na shughuli zake. Lakini kwa SUK4 tunajua kwamba kipande cha kichwa chenye uzito wa namna hiyo hushikwa nayo, kwa hiyo dhana ya kwanza inayofaa kupimwa ni kwamba kinesini imeanza kukatwakatwa. Tuliandaa sampuli mpya haraka, kwenye barafu, tukiwa tumetia dawa za kuzuia vimeng'enya vya kukata protini tangu mwanzo, na mstari ule ukatoweka. Kwa hali ya joto la huku, ambapo chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi thelathini na zaidi, nimeanza kuutumia mstari huo wa 45 kama mlinzi wa ubora wa sampuli, huduma ambayo muuzaji hakuiandika popote.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa pia na kingamwili ya poliklonali, yaani mchanganyiko wa kingamwili nyingi kutoka damu ya sungura, dhidi ya kinesini ya binadamu, iliyonunuliwa kwa kampuni moja ambayo nitaiacha bila jina. Kichupa cha kwanza kilitoa mstari wa kinesini pamoja na mistari mingine kadhaa, ambayo tulijifunza kuipuuza. Kichupa cha pili, chenye namba ile ile ya katalogi lakini cha toleo jingine, kilitoa mistari tofauti, na ule wa kinesini ukafifia. Tulipoandika kuuliza, tulijibiwa kwa kutumiwa picha ile ile iliyo kwenye tovuti yao. Hili si ajabu kwa bidhaa ya aina hiyo, kwa kuwa damu ya sungura mmoja haifanani na ya mwingine, na hata sungura yule yule hubadilika mwezi hadi mwezi. Kingamwili za poliklonali zina nafasi yake, hasa pale protini ilipo chache na mtu anahitaji mikono mingi ya kuishika. Ila kwa kazi ya miaka, ambapo wanafunzi wa mwaka huu wanatakiwa kulinganisha matokeo yao na ya waliotangulia, mimi sitarudi huko.

Chini ya hadubini ya mwanga wa floresensi SUK4 inahitaji mtumiaji aliyejiandaa kwa atakachokiona. Wanafunzi wetu walitarajia kuona nyuzi, kwa sababu wamefundishwa kwamba kinesini hutembea juu ya mikrotubuli, na walipoona vidoa vidogo vilivyotapakaa ndani ya yai walidhani jaribio limeharibika. Halijaharibika. Kinesini iliyo kazini imeshikana na vifuko vya utando inavyovibeba, na kwa wakati wowote ni sehemu ndogo tu iliyo juu ya njia. Kingamwili nyingine za kinesini, zilizotengenezwa kwa ubongo wa ng'ombe na kuelezwa na K. Kevin Pfister na wenzake mwaka 1989, zilionyesha hali hiyo hiyo katika seli za kufuga. Kwa sababu hiyo usizioshe seli kwa sabuni kali kabla ya kuzigandisha kwa kemikali, maana utando ukiyeyuka vifuko huondoka, na kilichoshikana navyo huondoka pia. Tulitumia kipimo cha sehemu moja kwa kumi, kizito kuliko cha westani bloti, na kila mara tuliweka kioo kimoja kisicho na SUK4 bali kingamwili ya pili tu, yaani ile inayoishika ya kwanza na kuifanya ionekane. Mayai haya yana mwanga wao wa asili, na bila kioo hicho mtu anaweza kupiga picha nzuri ya kitu ambacho hakipo.

Wapo watakaotaka kuitumia SUK4 kuzuia mwendo ndani ya seli hai, na hapa historia yake inatoa onyo la manufaa. Mwaka 1993 Brent Wright, Scholey na mwenzao walieleza kwamba walipoidunga ndani ya seli za viinitete vya mnyama wa miiba, mgawanyiko wa seli uliendelea kama kawaida, ingawa kingamwili nyingine, CHO1, inayoshika jamaa wa kinesini, iliusimamisha. Hayo yalikuwa matokeo ya maana, kwa kuwa kabla ya hapo wengi walidhani kinesini ya kawaida huenda ndiyo inayoendesha mgawanyiko. Anayetaka kufanya majaribio ya namna hii asitumie majimaji ya seli moja kwa moja, kwani yana protini nyingine za chakula cha seli na huenda yana dawa ya kuzuia vijidudu. Anunue iliyosafishwa, na ahakikishe haina sodiamu azidi, dawa mojawapo ya aina hiyo. Azidi hiyo hiyo ina madhara kwenye westani bloti pia: hukizuia kimeng'enya cha peroksidasi kinachotoa mwanga, kwa hiyo isiwemo kwenye bafa za hatua ya mwisho.

Mapungufu yake ni ya kweli na hayafai kufichwa. Mamalia wana aina tatu za mnyororo mzito wa kinesini ya kawaida, KIF5A, KIF5B na KIF5C, zinazokaribiana kwa uzito na zinazofanana sana kichwani, mahali hasa ambapo SUK4 hushika. Mstari wa 120 kutoka ubongo wa ng'ombe hauwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo unaitazama. Kwa mtafiti anayechunguza, tuseme, mabadiliko ya jeni ya KIF5A, ambayo husababisha aina mojawapo ya ugonjwa wa kurithi wa kukakamaa na kudhoofika kwa miguu, SUK4 haitoshi, na atahitaji kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya sehemu ya mkia, ambako aina hizo zinatofautiana zaidi. Aidha, haiutambui mnyororo mwepesi, kwa hiyo haiwezi kukujulisha kama kinesini yako imekamilika au ni minyororo mizito mitupu. Na kwa mnyama yeyote ambaye hajawahi kuandikwa, akiwemo *Tripneustes* wetu, wajibu wa kuthibitisha ni wa mtumiaji. Uzito unaolingana ni ushahidi mzuri, lakini haujafikia kiwango cha kuitenga protini na kuisoma mpangilio wake, kazi ambayo kwetu bado inasubiri fedha.

Utunzaji ni rahisi ukiwekewa utaratibu siku ya kwanza. Tuligawa majimaji katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, vingi tukavigandisha na vichache tukaviacha kwenye jokofu la nyuzi 4 kwa kazi ya karibuni. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara ndiko kunakoiua kingamwili, na katika mji ambao umeme hukatika, friza hufanya hivyo yenyewe bila kuombwa. Friza yetu imejazwa chupa za maji ya chumvi yaliyoganda, ambayo huhifadhi ubaridi kwa saa kadhaa, na mlango wake una karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba usifunguliwe umeme ukiwa haupo. Kichupa kilichokuwa kimeyeyuka kabisa tulikihamishia kwenye jokofu, tukakitumia kwanza, na hatukuona tofauti kwenye mstari.

Anayeagiza akumbuke kwamba SUK4 ni ya panya (yule aitwaye mouse katika katalogi, si rat), kwa hiyo kingamwili ya pili lazima iwe dhidi ya IgG ya panya, na gharama yake ihesabiwe tangu mwanzo, kwa kuwa katika agizo letu ilikuwa ghali kuliko ya kwanza. Kwa westani bloti na kwa hadubini, majimaji ya kawaida yanatosha kabisa na sioni sababu ya kulipia zaidi. Agizo letu linalofuata litakuwa la ile iliyosafishwa, kiasi kidogo, kwa ajili ya jaribio la mwendo kwa kinesini ya ubongo wa ng'ombe, mara tutakapopata kamera ya hadubini inayoweza kufuatilia mikrotubuli zinazosogea.